Mfuko wa Rambo na Hesabu ya Denmark

Kila mjadala wa mifuko ya plastiki unapoibuka, hakosi mtu wa kuchomoa takwimu ya Denmark: mfuko wa pamba lazima utumike mara 7,100 ndipo uwe na nafuu kwa mazingira kuliko wa plastiki, na ule wa pamba ya kilimo hai mara 20,000. Anachotaka ukubali ni kwamba Rwanda mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania kuanzia Juni 1, 2019 zilipiga marufuku kitu kisicho na hatia. Takwimu ni ya kweli. Hitimisho hilo nalikataa, ingawa lina sehemu inayonibana.

Chanzo chake ni ripoti ya mwaka 2018 ya wakala wa mazingira wa Denmark, iliyotumia uchambuzi wa mzunguko wa maisha ya bidhaa. Njia hii huanzia shambani au kwenye kisima cha mafuta, ikahesabu mbolea, maji, umeme wa kiwandani, mafuta ya usafiri na matumizi, mpaka siku kitu kinapotupwa. Hapo ndipo penye thamani yake. Pamba tunaiona safi kwa sababu tunakutana nayo dukani, ilhali maji na dawa za wadudu zilizoikuza zimebaki mbali na macho yetu.

Sasa tuisome ile 7,100 vizuri. Watafiti walipima athari nyingi, kisha wakachukua ile ambayo pamba ilifanya vibaya kuliko zote, yaani athari kwa tabaka la ozoni. Ukiangalia mabadiliko ya tabianchi peke yake, ripoti hiyo hiyo inasema mara 52. Kwa anayekwenda sokoni kila wiki, huo ni mwaka mmoja. Lakini 52 haisambazwi, kwa kuwa haimshtui mtu.

Kubwa zaidi ni mipaka ya hesabu. Denmark mfuko uliochakaa hukusanywa na kuchomwa kwenye mitambo inayotoa joto na umeme, na uchafu unaozagaa ulionekana ni mdogo mno kiasi cha kutohesabiwa. Kwao ni sawa. Kwetu rambo, yaani ule mfuko mwembamba wa plastiki, lilitoka jalalani na upepo, likaingia mfereji, likaziba. Mvua za masika zikija, maji ya Mto Msimbazi jijini Dar es Salaam hayasubiri mtu afukue takataka. Ng'ombe wanaolishwa mitaani wamekutwa na plastiki tumboni walipochinjwa. Hakuna njia rahisi ya kugeuza mfereji ulioziba kuwa kilo za kaboni, kwa hiyo katika jedwali la Copenhagen madhara hayo hayamo.

Kinachonibana ni kilichokuja baada ya katazo. Mifuko mbadala iliyojaa sokoni, ile ya rangi inayofanana na kitambaa, mingi ni polipropilini. Ni plastiki, tena nzito zaidi ya rambo. Utafiti wa wakala wa mazingira wa Uingereza wa mwaka 2011 ulikadiria kwamba mfuko wa aina hiyo utumike walau mara 11 ndipo, kwa upande wa tabianchi, uwe na nafuu kuliko mfuko mwembamba uliotumika mara moja. Angalia basi sokoni: muuzaji anaweka nyanya kwenye kifungashio chepesi kinachoangaza, anakitumbukiza ndani ya mfuko mbadala, na kabla hujafika kituo cha daladala mpini umeng'oka pale uliposhonwa. Mara 11 zitafikaje? Hapo wanaopinga katazo wana hoja, na kuwajibu kwa kelele za uzalendo hakutoshi.

Ni vyema pia kuuliza nani amelipia uchambuzi. Moja ya tafiti za mwanzo kabisa za aina hii iliagizwa na Coca-Cola mwaka 1969, kulinganisha vyombo vya vinywaji vyake. Viwango vya leo vya ISO, shirika la kimataifa la viwango, vinataka jopo la wahakiki pale kampuni inapotangaza hadharani kwamba bidhaa yake ni bora kimazingira kuliko nyingine, na hilo ni la kudai.

Mimi bado naunga mkono katazo. Ila uimara wa mfuko mbadala upimwe kwa kuubebesha mzigo wa sokoni mara nyingi, na hesabu yetu ianze na maswali ya hapa: kwa wastani unabebwa mara ngapi kabla ya kuchanika, na ukichanika unaishia jalala la Pugu au kwenye mfereji wa Jangwani?