Cheti kabla ya nikaha: nani aulizwe?

Tuseme kesho inaletwa kanuni Zanzibar: hakuna nikaha bila cheti cha kipimo cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi. Daktari ataiunga mkono papo hapo. Wazazi wote wawili wakiwa wabebaji wa kinasaba cha ugonjwa huo, wazima wasioumwa kitu, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto mgonjwa. Na sisi huku bado tunaozana na watoto wa ami.

Hesabu hiyo lakini haisemi posa iliyokwisha jibiwa ifanywe nini. Saudi Arabia, ambako kipimo ni lazima tangu 2004, wachumba hupewa majibu kisha huachiwa uamuzi wao. Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1970, majimbo kadhaa yalitunga sheria za kuwapima watu weusi kwa lazima. Baadhi ya wabebaji, wazima kabisa, wakanyimwa kazi na bima. Sheria ya taifa ya 1972 ikaja kusisitiza hiari. Wataalamu hawakukosekana pale.

Wapo wasemao somo la vinasaba ni zito, mtu wa Micheweni, kule Pemba, ataamua kwa khofu tu. Nusu ya hoja hii naikubali: kubeba na kuumwa huchanganywa hata na waliosoma. Ila Denmark, mwaka 1989, raia wa kawaida waliketishwa na wataalamu wa vinasaba vya binadamu, wakawahoji, wakaandika mapendekezo yao wenyewe. Kumbe lafundishika.

Kinachonitia wasiwasi ni wananchi kuulizwa kwenye mkutano wa shehia. Sheha anafungua, wazee wanazungumza, wanawake wako nyuma. Mama mwenye mtoto wa selimundu, ambaye mawifi wamekwisha sema ugonjwa katoka nao kwao (nao, kaka yao ni mbebaji vilevile!), asimame aseme nini mbele ya wakwe? Atanyamaza, na muhtasari utaandika kuwa wananchi wameridhia. Bora basi watu wapatikane kwa kura ya bahati, kina mama wapewe kikao chao, na kadhi aje kuulizwa, asiwe mwenyekiti. Itagharimu siku nyingi na nauli.

Na nadhani swali lao la mwanzo halitahusu vinasaba hata kidogo. Watauliza majibu yatawekwa wapi, ikiwa muuguzi wa kituo ndiye shangazi wa bwana harusi.