Mbunifu majengo aje kabla ya tofali la kwanza

Tulikuwa kwenye kikao cha harusi, tunasubiri wajumbe watimie, mazungumzo yakahamia kwenye mafuriko. Mzee mmoja, mbunifu majengo mwenye ofisi yake, akasema: "Watu wa uswahilini hawahitaji ramani, wanahitaji hela." Wengi wakaitikia kwa vichwa. Nilinyamaza pale, na mpaka leo imenikaa kooni.

Hela ipo. Haiji kwa mkupuo, lakini ipo, na kila wiki inaingia kwenye majengo. Mtu anacheza kikoba, zamu yake inafika, ananunua tofali mia mbili. Mwaka unaofuata nondo. Bati zinasubiri mtoto mkubwa apate kazi. Zaidi ya asilimia 70 ya wakazi wa Dar es Salaam wanaishi kwenye makazi yaliyoota hivyo: Manzese, Tandale, Vingunguti, Keko, Mburahati. Sehemu kubwa ya mji huu imejengwa na fundi na mwenye nyumba, wakichora chini kwa kijiti. Hawa watu wanajenga tayari. Wanachokosa ni mtu wa kusimama nao siku ile fundi anapouliza, "Mama, choo tukiweke wapi?"

Nitang'ang'ania hapo kwenye choo, maana ndipo mambo mengi yanapoharibikia. Choo kikiwekwa kona ya nyuma, kimebanwa kati ya kuta mbili, mpira wa gari la majitaka haufiki. Karo likijaa, mwenye nyumba anabaki na njia mbili: achimbe shimo jingine kwenye uwanja ambao hana, au asubiri mvua. Mvua kubwa ikianza, anatapisha. Wote tunajua maana yake. Uchafu unaondoka na maji, unaingia kwa jirani wa bondeni, kwenye kisima, mlangoni pa watoto. Kipindupindu kikizuka tunahubiriwa kuhusu tabia na usafi. Lakini yule mama angeambiwa mapema asogeze choo upande wa njia na aache upenyo wa mpira kupita, karo lake lingenyonywa kama ya wengine. Ni mazungumzo ya nusu saa, na yana thamani hiyo kabla ya tofali la kwanza tu. Baada ya hapo kila kosa linavunjwa kwa nyundo.

Mburahati, jirani wa shangazi yangu alikuwa ameinua kizingiti cha mlango kwa zege mpaka usawa wa goti. Masika ikija, maji yaliingia vilevile, kwa nyuma, kupitia chooni. Kijana mmoja wa Chuo Kikuu Ardhi aliyekuwa mtaani kwa kazi ya kuchora ramani akaomba mpira wa maji wa fundi, ule wa kuona ndani wa kupimia usawa. Mmoja akashika ncha mtaroni, mwingine chooni, wakasubiri maji yatulie. Sakafu ya choo ilikuwa chini ya mdomo wa mtaro kwa upana wa kiganja. Akachukua kipande cha boksi la sabuni, akachora: inua sakafu hii, toboa ukuta wa uani upande wa pili, maji yapite yaende zake. Fundi alielewa palepale, akaongeza la kwake kuhusu mahali pa kupitisha bomba. Kile kizingiti kilikuwa kimeshakula mifuko minne ya saruji.

Kazi ya namna hiyo ina historia hapa kwetu. Tandale ilichorwa ramani mwaka 2011 na wanafunzi wa Ardhi wakishirikiana na wakazi, na mwaka 2015 mradi wa kuchora ramani wa Ramani Huria ukaanza kata kwa kata, wanafunzi wa Ardhi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakitembea na wenyeji. Mkazi anajua mto ulipopita zamani na maji yalipomfika: kifundoni, gotini, kiunoni. Mwanafunzi anajua kulibadilisha hilo kuwa mchoro ambao mhandisi wa manispaa hawezi kuukataa.

Na mchoro una nguvu ofisini kuliko tunavyokubali. Waliobomolewa Kurasini kupisha upanuzi wa bandari, wakiwa na Shirikisho la Watu Maskini Mijini na shirika la Centre for Community Initiatives, walichanga, wakanunua ardhi Chamazi na kubuni wenyewe pamoja na wataalamu nyumba za kujengwa kidogo kidogo, kadiri mfuko unavyoruhusu. Walitaka viwanja vidogo kuliko vile vya kwenye kanuni, ili watu wengi zaidi watoshe. Maskini akienda peke yake na ombi hilo, anaambiwa sheria hairuhusu. Akienda na mtu anayeweza kufungua mchoro mezani na kuonyesha hewa inapita wapi na gari la zimamoto linaingilia wapi, mazungumzo yanakuwa mengine. Chamazi ni mbali na riziki ya mtu aliyezoea bandarini, na hilo mchoro haukulitibu. Nakubali.

Nakubali pia kwamba kijana aliyemaliza chuo juzi hawezi kula shukrani. Ndiyo maana mzigo huu nawatwisha wenye ofisi. San Francisco, taasisi ya Public Architecture ilianzisha mwaka 2005 mpango wa kuomba kila ofisi itoe asilimia moja ya muda wake wa kazi kwa jamii: saa 20 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Saa 20! Kuna wabunifu wanaotumia muda zaidi ya huo kuchagua rangi ya geti la mteja mmoja. Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi ingeweza kuzihesabu saa hizo kama sehemu ya mafunzo endelevu ya mwanachama, na sijaona sababu ya kukataa. Wageni wanaokuja, wanapiga picha, wanachora kituo cha jamii na kuondoka, sina muda nao leo.

Ofisi ya serikali ya mtaa ina meza na benchi. Mwenyekiti anajua nani anachimba msingi, maana mchanga ukimwagwa njiani habari zinamfika kabla ya jioni. Mbunifu aje Jumamosi asubuhi, mwezi wa tisa, kabla ya vuli, na futi yake mkononi. Aanze kwa kumsalimia fundi, amuulize nyumba gani inaanza wiki ijayo, waende wote.