Mguu uliovunjika huanza kuokolewa wilayani

Ukiniuliza fedha za kufundisha upasuaji wa mifupa ziende wapi kwanza, nitakujibu ziende kwa daktari wa zamu wa hospitali ya wilaya, yule anayempokea majeruhi wa bodaboda saa tano usiku wakati dereva wa gari la wagonjwa bado anatafutwa. Nayasema haya nikiwa mtaalamu wa fiziotherapia. Mgonjwa hunifikia mwishoni, wakati mambo mengi kuhusu mguu wake yameshaamuliwa, na mara nyingi yaliamuliwa usiku ule wa kwanza.

Papasa ugoko wako. Mfupa uko pale pale chini ya ngozi, mbele hauna nyama ya kuulinda. Bampa ikimgonga mwendesha pikipiki, mfupa huo hukatika na kutoboa ngozi kwa urahisi, na mchanga wa barabarani unaingia ndani. Kuanzia hapo kuna mashindano kati ya bakteria na mwili. Bakteria wakiwahi, mfupa hutoa usaha badala ya kuunga, na mtu anaweza kuingia na kutoka hospitali kwa miaka, akiuza shamba, akiuza pikipiki yenyewe.

Kwa muda mrefu madaktari wamebishana kuhusu mguu wa namna hii. Uwekewe chuma cha ndani, kinachopita katikati ya mfupa mahali penye uboho, au vyuma vya nje ambavyo mtaani wengi huviita antena? Ushahidi mwingi uliokuwepo ulitoka kwenye nchi tajiri, ambako mgonjwa hufikishwa chumba cha upasuaji mapema. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, ikishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ikaamua kulipima swali hilo Dar es Salaam kwenyewe. Waliandikisha wagonjwa 240, wakawagawa kwa bahati nasibu katika makundi mawili na kuwafuatilia kwa mwaka mzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020. Waliopatwa na jambo kubwa, yaani kufariki au kurudishwa kwenye upasuaji kwa sababu ya maambukizi, mfupa kutounga au kupinda, walikuwa takriban 18 kwa kila 100 upande wa chuma cha ndani na 22 kwa kila 100 upande wa antena. Kwa hesabu za kitaalamu, tofauti hiyo haitoshi kusema upande mmoja umeshinda. Wa chuma cha ndani walikuwa na nafuu zaidi wiki ya sita, lakini baada ya mwaka hali za maisha za makundi yote mawili zilikuwa zimekaribiana.

Kuna namba nyingine kwenye utafiti huo ninayoiheshimu kuliko hizo zote. Kati ya wagonjwa 240, 221 walifuatiliwa mpaka mwaka ukatimia. Anayefanya kazi na wagonjwa wa mifupa ajue hiyo ni kazi ya namna gani. Simu imezimwa au ina mtu mwingine. Mgonjwa amerudi kijijini msimu wa kulima. Nauli ya kuja kliniki ni sawa na chakula cha familia cha siku mbili, na yeye anaona mguu unatembea, aje kufanya nini? Anayesema utafiti mzuri hauwezi kufanyika katika hospitali zetu zenye msongamano, jibu lake ni hilo.

Sasa tuwe wakweli kuhusu matokeo yenyewe. Kama karibu mtu mmoja kati ya watano anapata tatizo kubwa, awe na chuma cha ndani au antena, basi tusitumie nguvu zetu zote kubishana kuhusu aina ya chuma. Tuangalie yaliyotangulia: jeraha lilioshwa lini, antibayotiki ilichomwa saa ngapi, mfupa ulifunikwa baada ya muda gani.

Kuhusu kuosha, tuna jibu la kutia moyo. Utafiti mkubwa wa mwaka 2015, wenye wagonjwa zaidi ya 2,400, ulilinganisha kuosha mvunjiko wa wazi, yaani wenye jeraha linalofika kwenye mfupa, kwa maji ya chumvi na kwa sabuni, kwa presha kubwa na presha ndogo. Pampu za presha kubwa hazikuleta faida, na sabuni iliwarudisha watu wengi zaidi kwenye upasuaji. Maji ya dripu ya chumvi, yanayomiminwa taratibu na kwa wingi, yanatosha. Hayo yapo wilayani.

Kuhusu muda, utafiti mwingine ulifuata majeruhi zaidi ya 31,000 katika nchi 18 za kipato cha chini na cha kati, na sababu iliyoongoza ya watu kuchelewa kulazwa ilikuwa kuhamishwa kutoka hospitali moja kwenda nyingine. Nikisoma karatasi za rufaa za wagonjwa wangu naliona hilo. Kwenye sehemu ya matibabu aliyopewa utakuta diklofenaki ya kutuliza maumivu na chanjo ya pepopunda, basi. Mtu amesafiri usiku kucha na mfupa uko nje, hakuna aliyemchoma antibayotiki.

Nawaheshimu sana wanaofundisha mabingwa. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao yake Arusha, kinamfundisha daktari akiwa kazini katika hospitali za ukanda wetu. Kozi ya kufunika mfupa kwa msuli, ambayo imefundishwa pia MOI, inamwezesha daktari wa mifupa kugeuza msuli wa nyuma ya mguu wa mgonjwa huyo huyo na kuulaza juu ya mfupa ulio wazi. Pale ambapo hakuna bingwa wa upasuaji wa ngozi, ujuzi huo unaokoa mguu ambao ungekatwa. Tuongeze kozi kama hizo.

Lakini bingwa mmoja huandaliwa kwa miaka. Malawi walilitambua hilo mapema. Mwaka 1985 walianza kufundisha maofisa tabibu wa mifupa, ambao si madaktari wa shahada, kwa miezi 18, na hao ndio wanaohudumia sehemu kubwa ya mivunjiko katika hospitali za wilaya. Najua wapo madaktari wetu wanaoogopa kwamba mtu wa cheti kidogo atapewa kisu. Hofu hiyo ina msingi, na mimi sidai apige chuma cha ndani. Naomba afundishwe vizuri kuosha, kuchoma antibayotiki, kunyoosha mguu na kuufunga, kumtambua anayehitaji kupelekwa hospitali ya rufaa usiku huo huo, na awe na mtu wa kumuuliza.

Hilo la mwisho linawezekana. Shirika la SIGN la Marekani hutoa vyuma vya ndani vinavyoweza kuwekwa bila mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji. Daktari anayevitumia hutuma picha za kila mgonjwa kwenye mfumo wao wa mtandaoni, na madaktari wenzake humwandikia maoni. Baadaye hutuma picha moja ninayoipenda sana: mgonjwa amechuchumaa mpaka chini, anatabasamu. Goti likikunjwa hivyo bila maumivu, naijua kazi iliyofanyika. Daktari wa wilaya naye anastahili mwalimu wa namna hiyo, kwa utaratibu rasmi wa wizara, asitegemee hisani ya kundi la WhatsApp.

Kwa kuanzia, fomu ya rufaa ya majeruhi wa mifupa iongezwe mistari miwili: saa aliyoumia, na saa aliyopata dozi ya kwanza ya antibayotiki. Anayempokea mgonjwa hospitali ya rufaa ahakikishe imejazwa, na aliyemtuma apelekewe taarifa mguu huo uliishia wapi.