Pesa kidogo zinatosha kumtoa mzee ndani, mradi aulizwe yeye kwanza

Mzee anapoacha kutoka nyumbani, watu wa karibu naye husema umri umemfika. Mara nyingi si umri. Ni ukingo wa njia ya miguu ulioinuka kupita uwezo wa goti lake, ni mwendo mrefu usio na pa kukaa, ni choo cha umma kilichopigwa kufuli. Mambo haya hayangoji mradi mkubwa. Ndiyo maana naziunga mkono kwa moyo wote ruzuku ndogo wanazopewa wakazi kurekebisha mitaa yao. Sharti langu ni moja: wazee wenyewe ndio waamue pesa ziende wapi.

Marekani, shirika la AARP, linalowatetea watu wa miaka 50 na kuendelea, limekuwa likitoa ruzuku za namna hii tangu mwaka 2017. Nyingine ni dola mia kadhaa tu, nyingine hufika makumi ya maelfu, na kazi hutakiwa kukamilika ndani ya miezi michache. Huo muda mfupi ndio unaonivutia zaidi. Mtu wa miaka 82 huwezi kumwambia asubiri mpango wa miaka kumi.

Tazama suala la kuvuka barabara. Kwa muda mrefu, taa za kuvukia katika nchi kama Uingereza zimepangwa kwa kudhani kwamba mtu hutembea mita 1.2 kwa sekunde. Barabara ikiwa na upana wa mita 12, sekunde 10 zinaonekana kutosha. Lakini utafiti uliofanywa England na kuchapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba watu wa miaka 65 na zaidi hutembea wastani wa mita 0.9 kwa sekunde kwa wanaume na 0.8 kwa wanawake. Maana yake, sekunde 10 zikiisha, bibi anayetembea kwa mwendo huo wa 0.8 bado ana mita nne mbele yake na magari yameanza kunguruma. Akipatwa na hofu hiyo mara mbili tatu, hatarudi tena pale. Singapore waliliona hili mapema: tangu mwaka 2009, mzee hugusisha kadi yake kwenye nguzo ya taa na kuongezewa sekunde kati ya 3 na 13, kulingana na upana wa barabara. Hakuna daraja lililojengwa hapo. Ni taa zilezile, zimefundishwa kumsubiri.

Kisha kuna benchi, kitu kinachodharauliwa kuliko vyote. Benchi la mzee lazima liwe na mgongo wa kuegemea na mikono pembeni, kwa sababu kuinuka kwake kunaanzia kwenye viganja: anashika, anasukuma, ndipo miguu inafuata. Likiwa chini mno anazama na kuhitaji kuvutwa. Yale ya zege yasiyo na mgongo wala mikono yanafaa kwa vijana wanaopumzika dakika mbili. Mahali lilipo ni muhimu vilevile. Benchi lililopangiwa ofisini huishia kwenye lango la bustani, karibu na bango lenye jina la mfadhili, ambako litapigwa picha vizuri. Mzee angeliweka katikati ya mlima, penye kivuli, pale pumzi inapokata. Pesa ni zilezile. Tofauti ni nani aliyeulizwa.

Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa miji rafiki kwa wazee mwaka 2007, lilianza kwa kuwauliza wazee wenyewe katika miji 33. Majibu yao yaligusa mitaa na majengo, usafiri, makazi, hata heshima wanayopewa. Sioni kwa nini mtaa mmoja wenye ruzuku ndogo ushindwe kufanya hivyohivyo.

Wapo wanaosema ruzuku hizi zinawapa viongozi wa miji kisingizio cha kukwepa wajibu wao, na wana hoja. Mabasi ya sakafu ya chini na lifti za stesheni ni kazi ya bajeti ya umma, wala wakazi wasibebeshwe mzigo huo. Kuanguka peke yake huua watu wapatao 684,000 duniani kila mwaka, na wengi wao wamepita miaka 60. Jambo zito hivyo haliachiwi wahisani. Lakini mtaa ukipaka rangi kivuko, ukakipunguza upana kwa vyungu vizito vya maua, watu wakaonekana wanavuka kwa utulivu, halmashauri inakosa pa kujificha itakapoombwa kukijenga cha kudumu. Cha msingi ni makubaliano ya maandishi, kabla ya shilingi ya kwanza kutoka, ya nani atapaka rangi upya itakapofifia na nani atabadilisha ubao wa benchi utakaovunjika. Bila hayo, baada ya misimu miwili tutabaki na misumari iliyochomoza.

Na fomu zifupishwe. Fomu ya kurasa 20 inayojazwa mtandaoni tu huwapa pesa waliozoea kuandika maombi, huku mtaa wenye shida kubwa zaidi ukikosa hata wa kuifungua. Kurasa mbili na picha kadhaa zinatosha, na anayetaka kueleza kwa mdomo asikilizwe.

Kabla hata ya kuijaza, tembeeni njia moja na wazee wachache: mwenye mkongojo, mwenye kiti cha magurudumu, asiyeona vizuri. Nendeni kwa mwendo wao, saa wanazotoka wao, bila kuwaharakisha. Kila wanaposimama, kwa kuchoka au kwa woga, pigeni alama ya chaki na kuuliza kwa nini. Majibu hayo ndiyo yaandikwe kwenye ombi la ruzuku.