Simu imefika kijijini, mkopo umebaki mjini

Wapo wanaosema kwamba tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, umbali kati ya kijiji na benki umekwisha. Kwa upande wa malipo, hoja yao ni nzito. Ada ya shule iliyokuwa ikipelekwa na kondakta wa basi ndani ya bahasha leo inafika papo hapo.

Lakini mtazame wakala wa kijijini msimu wa mavuno. Tuseme ana mtaji wa shilingi 2,000,000, nusu taslimu na nusu floti, yaani salio la kwenye simu yake ya uwakala. Wakulima watano wakitoa 200,000 kila mmoja, droo imebaki tupu. Floti sasa ni 2,000,000, ila haimsaidii mpaka apande bodaboda kwenda mjini kuibadilisha benki. Wa sita anaambiwa arudi kesho. Shule zikifungua mambo yanageuka: wazazi wanaleta taslimu watume ada, floti inakauka. Nauli na siku ya kufunga kibanda vinakula kamisheni. Kwa hiyo tawi la benki likiwa mbali, wakala naye ni dhaifu.

Kwenye mikopo pengo ni kubwa zaidi. M-Shwari, huduma ya akiba na mikopo kwa simu, ilipoanza Kenya mwaka 2012 ilitoza ada ya 7.5% kwa mkopo wa siku 30. Muuza nyanya anayenunua alfajiri na kuuza jioni anaumudu. Mkulima aliyekopa shilingi 10,000 za mbolea anadaiwa 10,750 mahindi yakiwa bado yanafika magotini.

Mabenki nayo yana hoja: ukame ukipiga wilaya, wakopaji wote huanguka pamoja, na fedha za waweka akiba lazima zilindwe. Hata hivyo, hofu hiyo haijawazuia kwenda mbali. CRDB ya Tanzania iliingia Burundi mwaka 2012, Equity ya Kenya ikanunua benki ya BCDC ya Kongo mwaka 2020, KCB, nayo ya Kenya, ikachukua benki ya TMB ya huko huko Kongo mwaka 2022. Wanafuata njia za biashara, na kwa maoni yangu ndiyo maana mashamba ya nyumbani yanarukwa.

Stakabadhi za ghala, ambazo Tanzania ilizitungia sheria mwaka 2005, zinampa mkulima dhamana isiyohitaji hatimiliki: gunia lililopimwa na kuhifadhiwa. Kasoro yake ni wakati. Stakabadhi hutoka baada ya mavuno, na mbolea inatakiwa kabla. Benki ingekubali rekodi ya mauzo ya misimu mitatu iliyopita kutoka chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, na marejesho yakatwe mnadani mazao yanapouzwa, mkopo ungemfikia mkulima mvua za kwanza zinapoanza.