Vidonge vya Mafua na Dhahabu ya Andreea Răducan

Jimnastiki ya Romania ikitajwa, wengi humkumbuka Nadia Comăneci na alama zake 10 za Montreal 1976. Mimi humfikiria zaidi Andreea Răducan. Nadia hana mgogoro: alishinda, yakaisha. Răducan naye alishinda, dunia ikimtazama, lakini ukifungua orodha rasmi ya mabingwa wa Olimpiki wa mwaka 2000 humkuti pale ulipomwacha.

Kisa chenyewe kwa ufupi. Ilikuwa Septemba 21, 2000, mjini Sydney, fainali ya wanawake ya kumpata bingwa wa jumla, yaani wa vifaa vyote kwa pamoja. Binti wa miaka 16 kutoka Bârlad, mwenye kilo 37, alimaliza wa kwanza kwa pointi 38.893. Nyuma yake alikuwa Simona Amânar na 38.642, kisha Maria Olaru, wote Waromania. Hakuna nchi iliyokuwa imezoa nafasi zote tatu za fainali hiyo tangu Wasovieti mwaka 1960, na Romania haikuwa imeonja dhahabu ya jumla tangu enzi za Nadia mwenyewe. Tatizo ni kwamba Răducan alikuwa na mafua, na daktari wa timu, Ioachim Oana, alimpa vidonge vya Nurofen vya mafua, vya aina ile ile ambayo watu hununua duka la dawa bila cheti. Vina sudoefedrini, ya kuzibua pua, ambayo wakati huo ilikuwa marufuku mashindanoni ikizidi kiwango fulani. Mkojo wake ulikutwa nayo. Septemba 26 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki (IOC) ikamvua dhahabu. Siku mbili baadaye Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo (CAS), iliyokuwa na jopo lake palepale Sydney, ikaitupa rufaa yake. Dhahabu ikaenda kwa Amânar, fedha kwa Olaru, na shaba kwa Liu Xuan wa China.

Nianze na upande ambao wapenzi wa Răducan hawapendi kuusikia. Utetezi wao mkubwa ni kwamba alipewa na daktari. Ni kweli, lakini hebu tuitazame Ujerumani Mashariki ya miaka ya 1970 na 1980. Wasichana wadogo wa kuogelea walikuwa wakipewa vidonge vya bluu vya Oral-Turinabol, dawa ya kujenga misuli, na makocha na madaktari wao, wakiaminishwa kwamba ni vitamini. Nao walikuwa watoto, nao hawakujua wanameza nini. Kama "nilipewa na daktari" ingetosha kumwokoa mtu, mpango kama ule ungenaswa palepale mashindanoni na bado medali zingebaki shingoni. Ndiyo maana sheria ikaamua kutouliza nia: kilichomo mwilini mwako ni juu yako. Anayefuatilia riadha ya Kenya anajua kwa nini. Kila anayekamatwa na pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu, huja na maelezo, na kuna ya kweli na ya kutunga, ila hakuna jopo linaloweza kuchungulia moyo wa kila mwanariadha kabla medali hazijapoa.

Tena si kwamba kipimo chake kilivuka mpaka kwa nywele. Kikomo kilikuwa mikrogramu 25 kwa mililita. Yeye alikutwa na takribani 90. CAS iliona kwamba hakuwa mdanganyifu, ikatambua uzito wa uamuzi huo kwa binti wa umri wake, na bado ikasema kanuni itekelezwe bila kulegezwa. Mawakili wake walipokwenda Mahakama ya Juu ya Uswisi, nchi yenye makao ya CAS, Desemba mwaka huohuo walirudi mikono mitupu. Kisheria, sioni pa kuwalaumu majaji.

Sasa upande wa pili. Kanuni isiyolegezwa ingeeleweka vizuri zaidi kama ingewabana wote. Katika fainali ileile waandaaji waliweka kile kifaa cha kurukia kiitwacho farasi chini ya kimo chake kwa sentimita tano. Wasichana waliruka na kutua vibaya, Svetlana Khorkina wa Urusi akiwa mmoja wao, akaenda kwenye vyuma akiwa amevurugika akaanguka tena. Ilikuja kugundulika katikati ya shindano, wakaambiwa anayetaka arudie kuruka. Kwa Khorkina muda ulikuwa umeshapita. Matokeo yakasimama. Hata katika kesi ya Răducan, karatasi za sampuli zilipishana kuhusu ujazo wa mkojo, na jopo likaona hiyo ni dosari ndogo isiyobadili jambo. Huenda ni kweli haikubadili. Lakini mwenye kilo 37 aliambiwa hakuna dosari ndogo.

Na kilo hizo si habari ya kupambia hadithi. Kikomo kilipimwa kwa wingi wa dawa ndani ya mkojo, na kilikuwa kimoja kwa mrusha tufe na kwa binti anayetembea juu ya boriti. Dozi ya kawaida ya mafua, ndani ya mwili mdogo kiasi kile, huacha alama kubwa kuliko ndani ya jitu la kilo 120. Wataalamu waliliona tatizo la kiwango hicho baadaye. Mwaka 2004 sudoefedrini iliondolewa kwenye orodha ya marufuku. Mwaka 2010 ikarudishwa, safari hii kikomo kikiwa mikrogramu 150, ili anayetibu mafua kwa dozi ya kawaida asichanganywe na anayebugia vidonge kwa makusudi. Kwa kipimo hicho, Răducan wa Sydney angekuwa safi kabisa.

Kuna jibu zuri kwa hoja hii, nami nalikubali: mtu huhukumiwa kwa kanuni ya siku ile. Tukianza kupima medali za zamani kwa orodha za leo, hakuna bingwa atakayelala usingizi. Kwa hiyo mabadiliko ya 2010 hayawafanyi majaji wa Sydney kuwa wamekosea. Yanachoonyesha ni kwamba chombo walichopewa kilikuwa kibovu.

Waromania wenyewe, kwa haki, hawajawahi kuwa upande mmoja tu wa mjadala huu. Paris 2024, katika fainali ya sakafuni, ni wao waliokwenda CAS kudai kwamba rufaa ya Mmarekani Jordan Chiles kuhusu alama zake iliwasilishwa sekunde nne baada ya dakika moja inayoruhusiwa. Jopo likakubali, shaba ikatoka kwa Chiles, na Mromania Ana Bărbosu akavikwa Bucharest mwezi huohuo wa Agosti. Chiles hakuwa na kosa lolote. Aliyedaiwa kuchelewa ni kocha wake. Sikusikia wengi Romania wakililia ulegevu wa kanuni siku hiyo.

Kinachonisumbua mimi ni namna adhabu ilivyogawanywa. Shirikisho la kimataifa la jimnastiki halikumfungia Răducan. Alibaki na dhahabu ya timu na fedha ya kuruka farasi za Sydney ileile, na mwaka 2001 huko Ghent akawa bingwa wa dunia wa boriti na wa sakafuni. Daktari Oana ndiye aliyefungiwa, hadi baada ya Michezo ya Athens 2004. Yaani kila mwenye mamlaka alijua kosa ni la nani, na kitu pekee kilichochukuliwa moja kwa moja kilikuwa cha asiyekosea. Mambo bado yako hivyo: kanuni za sasa zinafuta matokeo ya mwanamichezo binafsi hata akithibitika hana kosa lolote. Siku hizi kuna ulinzi maalumu kwa watoto, ila kwa wanaoshindana kimataifa kama yeye unaishia chini ya miaka 16. Răducan alikuwa amebakiza siku tisa kutimiza 17.

Kwa hiyo nawaondolea lawama CAS na kuzipeleka IOC, si kwa kilichofanyika Septemba 2000, bali kwa miaka yote iliyofuata. Răducan alistaafu, akaja kuwa rais wa shirikisho la jimnastiki la nchi yake, na ombi jingine la kumrudishia medali nalo lilikataliwa. Amânar mwenyewe alishasema hadharani kwamba bingwa ni Andreea. Na IOC si kwamba haina njia. Salt Lake City, Februari 2002, waamuzi wa kuteleza kwenye barafu walipoharibu kazi, ilitoa dhahabu ya pili kwa Jamie Salé na David Pelletier wa Kanada bila kuwanyang'anya Warusi.

Watasema dawa ni jambo jingine, na kwamba ukimfungulia Răducan mlango nyuma yake yupo Rick DeMont, mwogeleaji Mmarekani aliyekuwa na miaka 16 pia alipovuliwa dhahabu ya Munich 1972 kwa dawa ya pumu aliyokuwa ameiandika kwenye fomu zake. Sawa, naye aingie. Foleni ya watu ambao mamlaka zenyewe zinakubali hawakudanganya si ndefu kiasi cha kutisha. Jim Thorpe alivuliwa dhahabu zake mbili za 1912 kwa kuwa aliwahi kulipwa kucheza besiboli. Alirudishiwa ubingwa nusunusu mwaka 1982, akatambuliwa bingwa pekee mwaka 2022, na alikuwa amefariki tangu 1953. Răducan ana miaka arobaini na kidogo.