Marashi ya feromoni ni limbwata lenye lebo mpya

Siku hizi ukipita kwenye meza za marashi karibu na stendi hapa Mtwara, au ukiangalia tu WhatsApp za wauza vipodozi, hukosi kukuta kichupa kimeandikwa kina feromoni. Maneno ya wauzaji yanafanana: jipulizie kidogo shingoni na kwenye viganja, akikupita lazima ageuke, akikaa na wewe kidogo tu habanduki. Vijana wananunua. Dada zetu nao wananunua, na wengine ndoa zinayumba wanatafuta cha kumrudisha mume nyumbani, ndo maana mi hili jambo siwezi kulinyamazia, maana watu wanatoa hela ya kula kwa kitu ambacho hakuna mwanasayansi aliyewahi kuthibitisha kwamba kipo kwa binadamu.

Feromoni zenyewe zipo, hilo tusibishane. Mnyama anatoa kemikali mwilini, mwenzake wa aina hiyohiyo akiipata anabadilika palepale bila kufundishwa na mtu. Ya kwanza kujulikana ni ya nondo wa hariri, Mjerumani Adolf Butenandt na wenzake waliitangaza mwaka 1959 baada ya kazi ya miaka karibu 20, na walihitaji nondo majike kama 500,000 ndo wapate kiasi cha kupima. Nguruwe dume naye mate yake yana kitu kinaitwa androstenoni, jike aliye kwenye joto akikinusa anasimama tuli kusubiri kupandwa, na wafugaji wanaopandisha kwa mrija wananunua spre yake kabisa. Sasa baadhi ya hivyo vichupa vya mapenzi humo ndani vinatajwa androstenoni hiyohiyo, na mtu anapakwa shingoni.

Kwa binadamu kemikali mbili zinazosifiwa sana ni androstadienoni na estratetraenoli. Mwaka 2017 watafiti wa Australia waliwanusisha watu hizo kemikali huku wanaangalia picha za sura za watu, wakaulizwa nani anavutia, na majibu hayakubadilika, uwe umenusa au hujanusa. Kuna ile tafiti nyingine maarufu ya Uswisi mwaka 1995, ya mwanasayansi Claus Wedekind, wanaume walilala na fulana moja siku mbili halafu wanawake wakazinusa, wakapenda zaidi fulana za wanaume ambao jeni zao za kinga ya mwili zinatofautiana na za kwao, ila waliokuwa wanameza vidonge vya uzazi wa mpango ikawa kinyume. Tafiti zilizofuata zikapishana majibu. Na hata ukiikubali yote jinsi ilivyo, inamchoma huyohuyo muuzaji, kwa sababu inasema kila mwanamke pua yake inachagua harufu yake, kwa hiyo hakuna chupa moja ya kuvuta watu wote.

Mi kinachoniuma zaidi sio hata sayansi. Ni ile ahadi. Huku kusini limbwata tunalijua, mtu anatiliwa kitu kwenye chakula ili apende asipende awe wako, na tunajua ni jambo la aibu kwa sababu unamnyang'anya mwenzio akili yake. Hiki kichupa kinaahidi kitu kilekile, ila kwa kuwa kimekuja na lebo ya kizungu na neno la maabara basi kijana anakibeba mfukoni bila aibu. Hivi hata kingefanya kazi, ungetaka kweli kuishi na mtu aliyekuja kwako bila kutaka mwenyewe?

Halafu pale ambapo ushahidi wa feromoni ya binadamu unaelekea kukaribia, wauzaji hawapagusi kwa sababu hapauziki. Ni mama na mtoto. Ukiangalia chuchu ya mama anayenyonyesha, kwenye ile sehemu nyeusi inayoizunguka kuna vivimbe vidogovidogo, vinatoa majimaji. Mwaka 2009 watafiti wa Ufaransa waliweka hayo majimaji chini ya pua za watoto wa siku tatu, mtoto wala sio wa huyo mama, na watoto wakaanza kuchezesha midomo na kutoa ulimi kama wanatafuta ziwa. Tristram Wyatt, mtafiti wa feromoni wa Chuo Kikuu cha Oxford, mwaka 2015 aliandika kwamba kama tunataka kuitafuta feromoni ya binadamu kwa uhakika basi tuanzie hapo, tuachane na hizi za mapenzi zilizopoteza miaka mingi.

Mtoto wa mdogo wangu kule Mikindani, mama akienda sokoni mtoto anaanza kulia, bibi yake anachukua ile kanga aliyoilalia mama usiku, haijafuliwa, ina jasho na maziwa yaliyokauka kwenye pindo, anamviringisha nayo na kuilaza ncha karibu na pua. Kilio kinashuka, vidole vinaikamata. Anayetoa kanga safi kabatini hapati kitu. Hapo sio feromoni tena, mtoto ameshaijua harufu ya mama yake mwenyewe, na kwangu hilo ni kubwa kuliko feromoni.

Kwa hiyo sisemi harufu haigusi moyo. Inagusa sana. Msimu wa korosho ukipita njia ya Newala au Tandahimba, mabibo yameanguka yameanza kuchacha, mtu aliyekulia huku akaishi Dar miaka anavuta hewa na mwili wote unalegea, na mgeni aliyekaa naye kwenye gari hilohilo anafunga kioo. Udi nao ni hivyohivyo. Mwanamke akifukiza nguo na shuka, akaweka asumini, mume wake ataijua ile harufu na itamkumbusha yeye, kwa sababu wameishi nayo pamoja, sio kwa sababu moshi umemfunga. Makungwi niliowasikia mimi wanamfundisha mwali udi pamoja na usafi, maneno mazuri na kumsikiliza mtu, hawaukati udi wakaubakiza peke yake.

Dada yangu ambaye ndoa inayumba, hiyo hela ya kichupa panda bajaji uende kwa somo yako mkae mzungumze, au mkalishe mume kitako umwambie kinachokuuma. Na nyie wauzaji, ndugu zangu, uzeni marashi. Semeni ni marashi, semeni bei, semeni kwa joto hili la Mtwara yanakaa masaa mangapi kwenye nguo, tutanunua tu, maana kunukia tunapenda wote.